Kompyuta ya Nyumbani Ilipoanza Kujizima

Mara ya kwanza ilijizima nikiwa katikati ya sentensi. Ilikuwa saa tano usiku, nahariri mswada wa mtu, nyumba nzima imelala, mara skrini ikawa nyeusi. Umeme ulikuwepo, taa ya mezani ilikuwa inawaka. Nikabonyeza kitufe, ikawaka, nikaendelea na kazi. Baada ya robo saa ikajizima tena.

Ilikuwa kompyuta ya mezani tuliyoinunua mwaka 2013. Yanatokea haya, mwaka 2024, ilikuwa imetimiza miaka 11, na kila kazi ya nyumba yetu ilikuwa imepita humo: miswada yangu, hesabu za mume wangu, masomo ya binti yetu tangu alipokuwa akitafuta herufi za jina lake kwenye kibodi kwa kidole kimoja. Prosesa yake, yaani ubongo wa kompyuta, ilikuwa Intel ya kizazi cha nne; RAM, ile kumbukumbu ya kazi inayoendelea, ilikuwa ya GB 4 aina ya DDR3; na diski ya kuhifadhia faili ilikuwa ya kuzunguka, ya GB 500. Nazitaja sifa hizi mapema kwa sababu mwishoni ndizo zilizokata shauri.

Asubuhi yake tukabishana.

"Hiyo imeshachoka, mama," mume wangu akasema. "Tununue nyingine."

"Haijachoka, kuna kitu kimeharibika. Itengenezwe."

Tulivutana siku mbili, kila mmoja na hoja zake, na hakuna kati yetu aliyekuwa amejua ni kiungo gani kinachoumwa. Mtu akikuambia "naumwa" huwezi kujua kama ni wa kupumzika au wa kupasuliwa. Kompyuta nayo ni hivyohivyo: inayojizima huenda ina vumbi tu, na huenda ubao wake mama, ule unaobeba viungo vyote, unakufa. Sisi tulikuwa tunapanga mazishi na matibabu kabla ya vipimo.

Kwa kuwa ilikuwa nzito kwa muda mrefu kabla haijaanza kujizima, nilijishawishi kwamba tatizo ni programu. Wengi hukimbilia huko, na naelewa kwa nini, maana kupiga Windows upya hakuhitaji bisibisi wala spea. Jumamosi moja nikanakili folda ya nyaraka na folda ya picha kwenye flashi, nikafomati, nikapiga Windows 10 upya. Ikawa nyepesi kweli. Siku ya tatu ikajizima.

Jioni hiyo ndipo nilipokumbuka sauti za bibi.

Miaka kadhaa kabla bibi yangu mzaa mama hajafariki, nilimrekodi kwa simu akisimulia utoto wake, jinsi walivyohama, majina ya ndugu zake ambao sisi wajukuu hatukuwahi kuwaona. Rekodi zilikuwa 14. Nilizihamishia kwenye kompyuta, na kwa haraka ya siku ile nikaziweka kwenye folda niliyoiunda juu kabisa ya diski C, nje ya nyaraka, nje ya picha. Simu yenyewe ilikuwa imekufa zamani. Nikafungua diski C. Folda haikuwepo. Nikatafuta kwa jina la bibi, nikatafuta kwa aina ya faili, nikatafuta kwenye flashi. Kisha nikazima kompyuta, nikachomoa waya ukutani, nikakaa.

Kumbe kuchomoa ndiko kulikookoa kilichookoka. Fundi niliyempelekea alinieleza kwamba ule ufomati wa haraka unaofanyika wakati wa kupiga Windows haufuti data. Unafuta orodha inayoonyesha faili gani iko wapi. Data yenyewe hubaki palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na kila dakika kompyuta inapokuwa imewashwa inaandika kitu. "Shida ni kwamba umeshaweka Windows nzima juu yake, dada, halafu ukaitumia siku tatu," akasema, bila kunilaumu. Aliichomoa diski, akaiunganisha kwenye mashine nyingine, akaendesha programu iitwayo PhotoRec, ambayo haitegemei ile orodha. Inaipekua diski sekta kwa sekta, ikitafuta alama ambazo kila aina ya faili huanza nazo. Iliachwa ikipekua usiku kucha. Asubuhi akanipa rekodi 9, hazina majina, zina namba tu. Tano zilikuwa zimeandikwa juu yake.

Akaniambia na jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui: kama ile ingekuwa SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka, pengine tusingepata hata moja. Faili ikifutwa kwenye SSD, mfumo huiarifu kwamba sehemu ile sasa iko wazi, na SSD huisafisha yenyewe kimyakimya. Faili ikishafutwa kwenye SSD, usitegemee sana kuirudisha.

Kwa hiyo siku hizi mtu akinieleza kwamba kompyuta yake inasumbua, kabla sijamwuliza inasumbuaje namwuliza nakala za faili zake ziko wapi. Na simwachi aseme tu "nimenakili nyaraka". Namwambia apekue na mahali ambapo hakupapanga: eneo-kazi, folda ya vipakuliwa, folda alizoziunda kwa haraka, barua pepe zilizohifadhiwa ndani ya programu, nywila zilizomo kwenye kivinjari. Kompyuta ikishaanza kuugua, kila kuwashwa kwake kunaweza kuwa kwa mwisho. Kulitengeneza kasha kunaweza kusubiri wiki nzima. Kunakili hakusubiri hata kesho.

Fundi huyohuyo ndiye aliyenifundisha kufungua. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili chaji iliyobaki iishe, kisha gusa chuma cha kasha kabla hujagusa kitu chochote ndani, maana umeme tuli wa mwilini mwako unaweza kuua RAM bila wewe kuhisi lolote. Na pawa saplai, lile kopo la chuma unakoingia waya wa umeme, usilifungue kabisa. Kapasita zake, vile viungo vinavyotunza umeme, hubaki nao hata baada ya kuchomolewa.

Nilivuta ubavu wa kasha pale sebuleni, binti yangu ameshika tochi. Harufu iliyotoka ilikuwa ya vumbi lililokaangwa. Prosesa haionekani kwa macho; juu yake kuna kipoozeo cha alumini chenye mapezi membamba mengi, na juu ya kipoozeo kuna feni inayosukuma hewa ipite katikati ya mapezi hayo. Mimi mapezi sikuyaona. Nilipofungua feni, nilikuta kati yake na kipoozeo kitu cha kijivu kilichoshikamana kama kipande cha blanketi. Nikakivuta kwa kibanio cha nyusi, kikatoka kizima: duara lenye tundu katikati, saizi ileile ya feni. Binti yangu alilishika kwa vidole viwili, akaliinua kwenye mwanga wa tochi. Halikukatika.

Hewa ilikuwa haipiti kabisa, sijui kwa miaka mingapi.

Ile krimu ya kijivu inayopakwa kati ya prosesa na kipoozeo ili joto lipite vizuri nayo ilikuwa imekauka, imepasukapasuka kama tope la kidimbwi kilichokauka. Niliifuta kwa spiriti na kitambaa kisicho na nyuzi, nikapaka mpya kidogo tu katikati, nikarudisha kila kitu. Nilipokuwa napuliza vumbi nilizuia feni kwa kidole ili isizunguke, kwani ikizungushwa kwa kasi kupita kiasi inaharibika. Kabla ya kufungua nilikuwa nimeweka programu ya kupima joto, nayo ilionyesha nyuzi 97 kompyuta ikiwa na kazi ya kawaida. Baada ya kusafisha, kwa kazi ileile, ilionyesha 64.

Hapo nikaelewa na ule uzito wa muda mrefu. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 hujikinga kwa kupunguza kasi. Joto likizidi kupanda, mashine hukata umeme kabisa ili prosesa isiungue. Uzito uliokuwa ukitusumbua na kujizima kulikokuja baadaye vilikuwa ugonjwa mmoja, katika hatua mbili. Tungenunua nyingine wiki ile, tungekuwa tumebadilisha kompyuta kwa sababu ya vumbi.

Kujizima kukaisha. Likaja jambo dogo: kila nikiichomoa ukutani, tarehe ilirudi miaka nyuma, na kivinjari kikaanza kukataa karibu kila ukurasa kikisema muunganisho si salama. Ni betri ya ubao mama, ile bapa ya mviringo inayoandikwa CR2032, yenye volti 3, inayotunza saa kompyuta ikiwa imezimwa. Ikiisha, kompyuta haijui leo ni lini, na vyeti vya usalama vya tovuti vinaonekana vyote kana kwamba tarehe zake haziendani na leo. Kuibadilisha ni kazi ya dakika mbili. Nimeshasikia mtu akitaka kuuza kompyuta kwa sababu hiyo tu.

Diski ndiyo iliyonifanya nifikiri kwa kina. Ilianza kutoa sauti, tik, tik, kisha kimya, kisha tik, na wakati wa kimya hicho kila kitu kiliganda. Kila diski huweka kumbukumbu za afya yake, zinazoitwa SMART, na zipo programu za bure za kuzisoma. Ndani yake nilitazama mistari miwili: idadi ya sekta zilizohamishwa, yaani sehemu ambazo diski imeziona mbovu ikazikimbia, na idadi ya sekta zinazosubiri, ambazo imeshindwa kuzisoma lakini bado haijaamua. Sekta chache zilizohamishwa na zikabaki hapohapo si lazima ziwe tishio. Zangu zilikuwa 8 Jumatatu, na Jumatatu iliyofuata zilikuwa 40. Namba ikiwa inapanda, diski inakufa, na diski ya kuzunguka ikifikia hapo haitengenezwi kwa matumizi ya kawaida. Inaokolewa data, basi.

Sasa, je, inafaa kununua diski kwa ajili ya kompyuta ya miaka 11? Watu hutumia kanuni moja: gharama ya kutengeneza ikizidi nusu ya bei ya kununua nyingine, nunua nyingine. Niliifuata kwa miaka, na sasa siiamini sana. Inahesabu pesa bila kuuliza pesa hizo zinakwenda kukaa wapi. Spea nyingine nikizinunua leo zitahama nami kwenda kwenye kompyuta itakayofuata. Nyingine zitazikwa na hii. Hesabu zake haziwezi kuwa moja hata kidogo.

SSD ya SATA, yaani inayotumia tundu lilelile la diski ya kuzunguka, inahama. Inaingia kwenye karibu kila kompyuta ya mezani ya miaka mingi iliyopita, na kwenye kompyuta mpakato nyingi zilizokuwa na diski ya kuzunguka. Skrini inahama, kibodi inahama. RAM ya DDR3 haihami: tundu la DDR4 halikubali kuipokea, pengo lake limekatwa mahali pengine makusudi ili watu wasiilazimishe. Ubao mama hauhami, kwa kuwa umefungwa na aina ya prosesa yake, na prosesa imefungwa nao. Pawa saplai iko katikati. Ya kipimo cha kawaida cha ATX inahama vizuri, ila kompyuta nyingi za maofisini zina pawa saplai za umbo lake na plagi zake, kwa hiyo lazima uangalie kabla hujalipa.

Kwa hiyo SSD nikanunua bila wasiwasi. Kwanza nilinakili faili zote kutoka kwenye ile diski iliyokuwa inatika, nikianza na rekodi za bibi, kisha nikapiga Windows kwenye SSD. Fundi alikuwa amenionya nisiendeshe programu ya kukagua na kurekebisha diski inayokufa kabla ya kunakili, maana inaichosha kwa masaa, na huenda ikaimaliza. Baada ya hapo kompyuta iliyokuwa ikichukua karibu dakika tatu kuwaka ikawa inawaka kabla sijamaliza kuvuta kiti. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika inahitaji wastani wa milisekunde 4 ili sehemu inayotakiwa izunguke ifike chini ya kichwa cha kusomea, na bado hujahesabu muda wa kichwa kusogea. Wakati wa kuwaka, Windows inaomba vipande vidogovidogo maelfu kwa maelfu. SSD haina cha kuzungusha.

RAM niliitamani pia. Binamu yangu alikuwa na kompyuta iliyokufa ya umri uleule, akanipa kijiti chake cha GB 4, nikafikisha GB 8 bila kutoa pesa. Kununua nisingenunua.

Tukapata miezi mitatu ya raha. Kisha ikaanza kujiwasha upya yenyewe.

Haikuwa kama mara ya kwanza. Joto lilikuwa nyuzi 55. Ilijiwasha upya nikiwa naandika, ilijiwasha upya ikiwa imeachwa tu, siku nyingine haikufanya hivyo kabisa. Hapa ndipo watu humwaga pesa, kwa kununua spea moja baada ya nyingine kwa kubahatisha. Fundi alikataa kuninunulisha kitu. Alianza kwa kukopesha. Tuliendesha MemTest86 usiku mzima ili kupima RAM; haikuonyesha kosa hata moja. Tukatoa kijiti cha binamu, tukabaki na cha zamani, ikajiwasha upya. Akapima waya wa volti 12 wa pawa saplai kwa mita yake: 11.9, na inaruhusiwa kati ya 11.4 na 12.6. Akasema mita haioni kila kitu, kwa hiyo akaleta pawa saplai nzima ya akiba, tukaitumia siku nne. Ikajiwasha upya. Kila tulichokibadilisha kwa muda kilirudi kikiwa safi, mpaka tukabaki na kitu kimoja tu ambacho hatukuweza kukiazima.

Akamulika ubao mama kwa tochi, akanionyesha kwa ncha ya bisibisi. "Tazama hizi." Karibu na prosesa kulikuwa na safu ya kapasita, vile vikopo vidogo vya mviringo ambavyo juu vina mfuniko wa alumini uliochorwa msalaba. Zilizo nzima mfuniko wake ni bapa kama meza. Tatu zilikuwa zimevimba juu, na moja ilikuwa imepasuka kwenye ule mchoro, ikatoa ute wa kahawia ulioganda kama utomvu wa mti. Kazi yake ni kutuliza umeme unaoingia kwenye prosesa. Zikichoka, umeme unayumba, na prosesa inapoteza fahamu. Nadhani ile miaka ya joto chini ya blanketi la vumbi ilizipunguzia siku, maana zilikuwa palepale pembeni ya kipoozeo.

Nilimwuliza kama zinabadilishwa. Akasema zinabadilishwa, zinafumuliwa kwa chuma cha kulehemu na kuwekwa nyingine, ila ubao mama una tabaka nyingi za shaba ndani zinazonyonya joto, na zile kapasita nyingine ambazo bado hazijavimba zina umri uleule na zimekaa kwenye joto lilelile. Ubao mpya wa aina hiyo hautengenezwi tena. Ungepatikana uliotumika, wenye miaka ileile.

"Ingekuwa yako ungefanyaje, fundi?"

Akafikiri. "Ingekuwa yangu ningeitengeneza. Lakini mimi ikizima, nakunja mikono naitazama. Wewe ikizima, kazi ya mtu imepotea."

Sijapata ushauri wa kweli kuliko huo kuhusu mashine yoyote. Kompyuta ileile, ubovu uleule, ingefaa kwake na isifae kwangu.

Palikuwa na jambo jingine lililokuwa likisubiri mbele. Microsoft ilikuwa imeshatangaza kwamba Windows 10 itaacha kupata masasisho ya usalama ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa upande wake inadai TPM 2.0, kiungo cha usalama ndani ya kompyuta, na kwa prosesa za Intel orodha yake inaanza karibu yote na kizazi cha nane. Yangu ilikuwa ya nne. Hilo peke yake lisingenifanya niitupe. Ubao ungekuwa mzima, ningeweka Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, ambao unakwenda vizuri kabisa kwenye mashine za umri huo zenye GB 8 na SSD, na ningeitumia miaka mingine mitano bila kuona haya. Nilikuwa hata nimeshaijaribu kutoka kwenye flashi. Lakini kuulehemu ubao uliochoka, kwa kila senti itakayozikwa nao, huku mfumo wake nao unafikia ukingoni, hapana. Nikamwambia mume wangu tununue nyingine. Hakunikumbusha maneno yake ya siku ya kwanza, namshukuru kwa hilo.

Hatukununua mpya. Miezi ile ya kufungua na kufunga ilikuwa imenifundisha nyumba yetu inahitaji nini hasa: prosesa ya kizazi cha nane, RAM ya DDR4, nafasi ya SATA kwa SSD yangu, basi. Tukachukua kompyuta ndogo ya mezani iliyotumika ofisini. Kabla ya kulipa niliomba nifungue kifuniko. Nikamulika kapasita moja moja. Nikasoma SMART ya diski iliyokuwa ndani. Nikaingia kwenye BIOS, ile mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, kuhakikisha haina nywila ya ofisi ilikotoka, kwani nywila hiyo ikibaki utasumbuka nayo sana. Nikaiachia kazi nzito kwa nusu saa nikitazama joto. Muuzaji alinishangaa kidogo, akanivumilia. SSD ikahama siku hiyohiyo. Skrini nayo ikahama, ila ilinigharimu safari ya pili: yenyewe ina matundu ya VGA na DVI, mashine ina tundu la DisplayPort tu, ikabidi nitafute kigeuzi. Angalia matundu ya nyuma kabla hujabeba kitu nyumbani.

Haya yote yanahusu kompyuta ya mezani, na mpakato ina sheria zake. Ya mume wangu iliinuka upande wa padi ya kugusa, kidogo tu, akadhani ni plastiki imejikunja. Ilikuwa betri inavimba. Hapo hakuna kupima wala kusubiri: acha kuichaji, usiibonyeze irudi chini, usiitoboe, itolewe na mtu anayejua. Betri ya lithiamu iliyovimba inaweza kuwaka moto. Betri ikabadilishwa na mpakato ikaendelea, ila RAM yake imelehemewa moja kwa moja kwenye ubao, haiongezwi. Mpakato za namna hiyo uamuzi wa kutengeneza au kubadilisha unaufanya siku ya kununua, unapochagua GB ngapi, miaka mitano kabla haijaharibika.

Ile ya zamani sikuitupa jalalani. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 inasema mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na asilimia 22.3 tu ndizo zilizothibitishwa kwamba zilikusanywa na kurejelezwa inavyostahili. Ndani ya kasha lile kulikuwa na shaba, alumini, dhahabu kidogo pale prosesa inapogusana na ubao, na sumu ambazo sitaki ziingie ardhini. Vijiti vya RAM nilimpa fundi, vitamfaa mwenye DDR3. Pawa saplai yake ilikuwa nzima, akaichukua iwe ya kupimia, kama ile aliyonikopesha. Feni akaichukua pia. Ubao mama na kasha vilikwenda kwa wanaokusanya vifaa chakavu vya umeme.

Rekodi 9 sasa ziko mahali patatu: kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje iliyoko kwa dada yangu, na kwenye akaunti ya kuhifadhi mtandaoni. Binti yangu alizisikiliza moja moja, akazipa majina upya kwa kile bibi anachosimulia: "Kuhama", "Kaka zake", "Mvua". Kwenye ile ya nne bibi anasema, "Hilo nilishakueleza jana," na ya jana haimo.

Fundi alitaka kuichukua na diski ya zamani, ile inayotika, aifungue atoe sumaku zake. Anasema zile tano hazimo, zimeandikwa juu yake, hakuna programu itakayozirudisha, na namwamini. Nilimpa vyote vingine. Diski iko kwenye droo ya meza yangu, nimeizungushia kitambaa.